Jebel: Jabali la Juba na Samaki wa Maji Baridi

Aingiaye Juba hulitambua Jebel kabla hajautambua mji. Ni kilima cha mawe kilichosimama peke yake upande wa kusini-magharibi, chenye rangi ya majivu wakati wa kiangazi na rangi ya kijani mvua zinaposhika. Neno lenyewe si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Jebel ni mlima kwa Kiarabu, na shina hilo hilo ndilo lililozaa neno jabali. Wabari, ambao ndio wenyeji wa nchi hiyo, hukiita kilima chao Korok. Wasemao Kiarabu cha Juba hukiita Jebel Kujur, na kujur kwao ni mtu wa mambo ya mizimu, yule ambaye Waswahili wangemwita mganga.

Siku hizi jina hilo limekwisha kuteremka kutoka kilimani. Kuna soko la Jebel kando ya barabara iendayo Yei, kuna mitaa ya Jebel, na hapo karibu yapo makao ya Umoja wa Mataifa ambayo askari wengi wa Afrika Mashariki wameyajua kwa kazi ya kulinda amani. Vita vilipozuka Desemba 2013 maelfu ya wananchi walikimbilia kwenye makao hayo wakakaa kwa miaka, na Julai 2016 mapigano yalifika mpaka milangoni pake. Chini ya kilima wanawake hukaa juani na watoto wao wakiponda mawe kwa nyundo yawe kokoto za kujengea. Kiswahili nacho husikika, kwa maana wengi waliokimbilia Kakuma na Uganda walirudi nacho, na tangu 2016 Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Askari aliyelelewa Nyeri au Nanyuki, aonapo jabali hilo na kusikia kwamba mto upitao Juba huitwa Bahr el Jebel, yaani mto wa mlima, huenda akafikiri habari za nyumbani. Kwao mlima ni maji baridi, na maji baridi ni trauti, samaki mwenye madoa apigaye mkia katikati ya mawe. Likizo ikikaribia, au mshahara wa miezi kadhaa ukiwa umekusanyika, hupatikana mtu wa kumwambia kwamba anunue fimbo ya kuvulia na nzi wa bandia, akaanze uvuvi huo katika vijito vya Jebel. Afadhali ajue mapema yaliyoko huko kabla hajatoa fedha.

Vijito vya Jebel ni vya msimu. Mvua ya Juba huanza kiasi cha Aprili na kuendelea mpaka Oktoba au Novemba. Ikinyesha sana, makorongo yaliyozunguka kilima hujaa maji mekundu yaendayo kwa kishindo, na baada ya siku chache hubaki mchanga na vidimbwi. Hata Mto Luri, ulio upande wa magharibi, hupungua sana wakati wa kiangazi. Samaki wa kuishi mwaka mzima hana makao katika makorongo hayo, isipokuwa wale wenye ujuzi wa kujizika matopeni, kama kamongo.

Lakini sababu kubwa ni joto. Trauti hustawi katika maji ya nyuzi kama 10 hadi 16 za Selsiasi. Yapitapo 20 huacha kula na kuanza kudhoofika, na yakikaribia 25 hufa, kwa kuwa kadiri maji yanavyopata joto ndivyo hewa iliyomo ndani yake inavyopungua. Juba iko kiasi cha mita 500 tu juu ya bahari, na katika Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35. Nchi za Ikweta hazina baridi ya majira kama Ulaya. Baridi yao hutokana na urefu wa milima, na kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi zipatazo 6. Ndiyo maana trauti wa Afrika Mashariki ni samaki wa juu, aghalabu kuanzia mita 1,800 hivi, na jabali la Juba, pamoja na fahari yake yote, halina urefu huo. Jina la Bahr el Jebel nalo halikutoka kwa kilima hiki. Ni jina la mto unaotoka Ziwa Albert na kushuka katika nchi ya milima, ukipita Nimule na maporomoko ya Fula kabla ya kufika Juba.

Hata huko Kenya trauti si mwenyeji. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na vifaranga vyake vikatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Miaka michache baadaye aliletwa na trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, yule mwenye mstari mwekundu ubavuni. Tangu hapo wameenea Gura, Chania, Mathioya, Thiba, Sagana, Naro Moru na mito mingine ishukayo Aberdare na Mlima Kenya. Kituo cha serikali cha kuzalisha trauti kiko Kiganjo. Polisi wengi wa Kenya walijifunza kazi hapo Kiganjo, wakakimbia mbio za alfajiri katika baridi ile ile impendezayo trauti, na pengine wakahitimu bila kumwona hata mmoja.

Basi, je, aliyeko Jebel aiache fikira hiyo hadi arudi nyumbani? Hapana. Nusu ya uvuvi wa nzi hujifunzwa pasipo maji kabisa, na Jebel kuna nafasi tele ya ardhi kavu.

Kwanza yafaa kuelewa tofauti yake na uvuvi wa kawaida. Mvuvi wa kawaida hutia chambo na chubwi, kile kipande cha risasi, na uzito wa chubwi ndio uuvutao mshipi uende mbali. Nzi wa bandia hana uzito wowote. Ni unyoya uliofungwa kwenye ndoana ndogo. Kwa hiyo uzito umewekwa katika mshipi wenyewe, ambao ni mnene, na fimbo huutupa mshipi jinsi mchunga ng'ombe anavyotupa ukambaa wa mjeledi. Mwishoni mwa mshipi huo hufungwa nailoni nyembamba ya urefu wa mita 2 na nusu hivi, ili samaki asiione, na nzi hufungwa mwisho wa nailoni. Kwa mito ya milimani fimbo ya urefu wa mita 2 na nusu au zaidi kidogo yatosha, pamoja na mshipi wa namba 5 au 6 unaolingana na namba iliyoandikwa kwenye fimbo. Gurudumu la kukunjia mshipi lisiwe la gharama. Kwa trauti wadogo kazi yake ni kutunza mshipi tu, na fedha iliyobaki ni bora itiwe katika mshipi mzuri.

Mazoezi hufanywa uwanjani, asubuhi kabla ya jua kali, mahali panaporuhusiwa. Badala ya nzi hufungwa kipande cha sufu nyekundu, bila ndoana, kwa usalama wa macho ya watoto na ya mvuvi mwenyewe. Mwanafunzi hutoa mshipi wa mita 6 au 7, akaulaza mbele yake ukiwa umenyooka. Kisha huinua fimbo taratibu, halafu kwa kasi, na kuisimamisha ghafula ikiwa imepita bega kidogo tu. Hapo husubiri. Kusubiri huku ndiko kunakowashinda wengi, na askari huwashinda zaidi, kwa sababu wamefundishwa kutenda upesi. Mshipi uliorushwa nyuma lazima upate muda wa kukunjuka angani. Ukivutwa mbele kabla haujanyooka hupasuka kama mjeledi na nzi hukatika. Ukisha nyooka, fimbo huletwa mbele na kusimamishwa tena, na mshipi hupita juu na kutua. Mtu agandamize kiwiko karibu na mbavu, na asitumie nguvu za bega. Robo saa kila siku kwa majuma matatu hufaa kuliko siku nzima ya Jumapili moja.

Fundo la kumfunga nzi nalo lijifunzwe mapema, maana mtoni vidole hufa ganzi. Nailoni hupitishwa katika tundu la ndoana, ikazungushwa mara 5 juu yake yenyewe, ncha ikarudishwa katika kijitanzi kilicho karibu na tundu, ikaloweshwa kwa mate na kukazwa polepole. Bila kulowesha, nailoni huungua kwa msuguano na hukatika samaki wa kwanza anapovuta.

Kutengeneza nzi ni kazi ambayo familia iliyobaki nyumbani yaweza kuifanya vizuri kuliko mvuvi mwenyewe, na mikono iliyozoea kushona hujifunza upesi. Ndoana ya namba 12 au 14 hubanwa katika jiliwa ndogo. Uzi mwembamba huzungushwa kuanzia karibu na tundu mpaka mwisho wa shina. Nyuzi chache za unyoya huachwa nyuma ziwe mkia. Sufu ya kahawia huviringwa iwe kiwiliwili. Na unyoya wa shingo ya jogoo huzungushwa mbele mara 3 ili vinyweleo vyake visimame pande zote kama miguu ya mdudu. Jogoo mzee ndiye mwenye manyoya magumu yanayomfanya nzi aelee, na jogoo mmoja aliyechinjwa siku ya sikukuu hutosha nzi wa miaka miwili. Unyoya laini wa kuku jike hufaa nzi wa kuzama. Mwanafunzi asihangaike na mifano 40 ya vitabuni: nzi wa kahawia aeleaye, nzi mweusi, na mmoja wa kuzama wanatosha kuanzia. Ndoana zihifadhiwe mbali na watoto watambaao.

Aliyekwisha kujua kurusha atatamani maji, na maji yaliyo karibu na Jebel ni Bahr el Jebel yenyewe. Humo hamna trauti, ila samaki wapo. Yupo sangara, ambaye Wakenya humwita mbuta na wachuuzi wa Juba humwita ijil, na mkubwa wake hupita kilo 100. Yupo perege, aitwaye bulti. Yupo kambare, aitwaye garmut. Yupo na yule mkali wa meno marefu yaonekanayo hata akifunga mdomo, ambaye huikata nailoni kama wembe, ndiyo sababu wamwindao hutumia kipande cha waya mbele ya ndoana. Fimbo ya trauti haiwezi samaki hawa wakubwa. Kwa perege mdogo kwenye maji matulivu yatosha, na perege akivuta ni mwalimu mwema.

Hata hivyo mto huo hauchezewi. Una mamba, na una kiboko. Uvuvi wa trauti hufanywa mara nyingi kwa kuingia majini mpaka magotini. Kwenye Bahr el Jebel asiingie mtu hata nyayo, na asisimame ukingoni penye matete. Maji yaliyotuama yana kichocho. Ardhini nako kuna mabaki ya vita, kwa hiyo korongo lisilojulikana na njia isiyopitwa na wenyeji ziachwe, hata kama zinaonekana kuwa njia ya mkato.

Lipo na jambo jingine, nalo lamhusu mwenye sare kuliko mtu yeyote. Fimbo ya kuvulia husafirishwa katika mfuko mrefu mwembamba, na katika mji ambao wakazi wake waliona vita vya 2013 na 2016, mtu mgeni ashukaye ukingoni jioni na mfuko wa namna hiyo begani hafikiriwi kuwa mvuvi. Mfuko ufunguliwe mapema, fimbo ionekane. Ruhusa ya mkubwa wa kikosi na ya wenye mamlaka ya mahali iombwe kabla, wala si baada ya kusimamishwa. Picha nazo zisipigwe ovyo, hasa karibu na daraja.

Na ukingo una wenyewe. Wabari na Wamundari wameuvua mto huu tangu zamani, kwa nyavu, ndoana na mikuki, na samaki wao ndio walao Juba, wabichi katika soko la Konyo Konyo au waliokaushwa kwa ajili ya kajaik, mchuzi mzito ambao nyumba nyingi za huko hazikosi. Mwenye nyavu yuko kazini. Mwenye nzi wa bandia yuko mchezoni. Akikuta nyavu zimetandwa, apite mbali. Akipewa samaki, alipe. Samaki mmoja aliyechukuliwa bure na mtu mwenye bunduki husimuliwa kijijini kwa miaka, na kikosi kizima kilichokuja kwa amani hupewa jina kwa ajili yake.

Wapo pia wasemao kwamba dawa ni kumleta trauti. Huinyoshea kidole milima ya Imatong, mashariki ya Juba na kusini ya Torit, ambako kilele cha Kinyeti kina urefu wa mita 3,187 na mito ishukayo ni baridi. Kwa hesabu ya nyuzi za joto wamesema kweli: maji ya namna hiyo yanamfaa. Lakini samaki wa Bahr el Jebel mwenyewe ni shahidi dhidi yao. Sangara aliishi katika Naili na Ziwa Albert tangu kale, na maporomoko ya Murchison yalimzuia asipande kwenda Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 watu walimchukua wakamtia humo. Kwa muda mrefu halikuonekana jambo. Ilipofika miaka ya 1980 amejaa ziwa zima, na furu wa kila rangi, samaki wadogo wa mamia ya namna ambao wengine hawapatikani popote duniani, walitoweka kwa wingi mno. Viwanda vya minofu vilipata mali. Ziwa lilipoteza kisichonunulika. Wapimaji wa trauti wa mwaka 1905 hawakuuliza ni viumbe gani waliokuwamo Gura kabla yake. Mtu wa leo hana udhuru huo. Asichukue samaki hai wala mayai kutoka mto mmoja kwenda mwingine, ijapokuwa ni wachache, ijapokuwa ni kwa nia njema.

Kwa hiyo fimbo iliyozoeshwa chini ya jabali ingojee likizo. Mtoni Aberdare au Mlima Kenya mvuvi ahakikishe kwanza kibali cha kuvua, na akiwa ndani ya hifadhi ya taifa, kiingilio na masharti yake, kwa sababu mbogo na tembo hunywa katika mito hiyo hiyo na yafaa kufuatana na askari wa wanyama. Avae nguo za rangi ya majani. Aanzie chini akipanda kuelekea juu, kwani trauti hukaa amekabili mkondo akingoja chakula, na ajaye kutoka nyuma haonekani. Asiruhusu kivuli chake kitangulie majini. Nyuma ya kila jiwe kubwa pana kidimbwi kitulivu, na mpaka wa maji yaendayo mbio na maji matulivu ndipo nzi anapopaswa kutua. Mita 5 au 6 za mshipi zinatosha, pungufu ya zile za uwanjani Jebel. Nzi aachwe ashuke na maji bila kuvutwa. Akitoweka, au maji yakipiga kiduara kidogo, fimbo iinuliwe kwa upole.

Trauti wengi wa mito hiyo ni wadogo, wa urefu wa kiganja na zaidi kidogo. Apimaye na kuona hajafikia kipimo cha sheria amrudishe, mikono ikiwa imeloweshwa kwanza, kwa maana mkono mkavu huondoa ute umkingao samaki na maradhi; kijino cha ndoana kikiwa kimebonyezwa kwa koleo tangu nyumbani, ndoana hutoka bila kuchana mdomo. Amshike ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, mpaka aanze kupumua vizuri na kujivuta mwenyewe. Wale wawili watatu waliotimia watolewe matumbo pale pale mtoni, wafungwe katika majani mabichi, na wafikishwe jikoni kabla ya jioni. Trauti hahitaji viungo vingi: chumvi, ndimu, mafuta ya moto, dakika 4 kila upande, na ugali uwe tayari mezani kabla hajatiwa kikaangoni.